Tope la Uluguru na Khabari za Msitu wa Kale

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda bara, akiukaribia mji wa Morogoro, huiona milima ya Uluguru upande wake wa kushoto, vilele vyake vimefunikwa na mawingu hata siku ambazo mjini jua ni kali. Watu wengi wa pwani hupita hapo mwaka baada ya mwaka, wala hawaijui milima hiyo ila kwa jina. Na hali sehemu kubwa ya maji wanayopikia na kutawadhia watu wa Dar es Salaam yatoka huko, kwani Mto Ruvu huanzia Uluguru, ukateremka mpaka baharini karibu na Bagamoyo, na njiani huchotwa kwa ajili ya jiji.

Sisi tulipanda kwa upande wa Mgeta. Ukiiacha barabara ya Iringa, njia huanza kujipinda na kupanda, na hewa hubadilika hata mtu wa pwani akatafuta shuka. Waluguru wa huko wameyakata matuta katika miteremko ambayo sisi tungeogopa hata kuisimamia, nao hulima kabichi, njegere na viazi. Juu ya mashamba ndipo unapoanza msitu, mweusi, wenye kudondoka maji. Na juu ya msitu, wasema wenyeji, uko uwanda wa Lukwangule. Mzee aliyetuongoza alituambia, "Huko, Maalim, hakuna kitu. Ni majani, baridi na matope tu."

Hatukufika huko juu, kwa kuwa miguu yetu ilikwisha ukingoni mwa msitu. Lakini ni matope hayo hasa tuliyotaka kuwapa khabari zake, maana yamehifadhi mambo ambayo hapana kitabu kilichoyaandika.

Kila aliyepita katika shamba la mahindi yaliyochanua ameuona ule unga wa manjano unaomwagika ukilitikisa bua. Huo ndio chavua. Wenye mitende, Oman na kwingineko, waujua zaidi: hupanda mtende jike wakiwa na shada la maua ya dume, wakalipachika ili tende zipatikane. Miti ya msituni nayo humwaga chavua yake, mingine kwa upepo, mingine kwa nyuki na wadudu, na nyingi yake hupotea bure. Punje yake ni ndogo mno, haionekani ila kwa hadubini. Lakini ukiitazama utastaajabu, maana kila jamii ya mimea ina umbo lake. Punje ya mpodo ina mifuko miwili ya hewa, mfano wa mabawa. Punje ya nyasi ni mviringo yenye tundu moja.

Ganda la punje hii ni gumu kupita kiasi. Ikianguka pakavu penye hewa huoza, lakini ikizama katika kinamasi, mahali pasipopata hewa, hukaa maelfu kwa maelfu ya miaka. Kila mwaka tope jipya hulala juu ya la zamani. Basi wataalamu huchoma mrija mrefu wa chuma katika kinamasi, wakautoa pamoja na tope lake kwa mpangilio uleule, wakalikata vipande, wakaliosha kwa dawa kali, hata ile inayokula kioo, na chavua ikabaki. Kisha huketi wakahesabu punje, mamia kwa mamia katika kila kipande. Ni kazi ya subira. Aliyeifungua njia hii ni Lennart von Post wa Sweden, mwaka 1916.

Lakini umri wa tope hujulikanaje? Mara nyingine chavua yenyewe husaidia: tope la Afrika lenye chavua ya mahindi haliwezi kuitangulia safari ya Columbus ya 1492, maana mahindi asili yake ni Amerika. Kwa zama za mbali zaidi hutumika kaboni ya mnunurisho, njia iliyovumbuliwa na Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940. Kila kilichokuwa hai kina kaboni hiyo, nayo baada ya kufa hupungua nusu katika kila miaka 5,730 hivi. Ikipita miaka 50,000 hubaki kidogo mno, haipimiki.

Katika uwanda huo wa Lukwangule, karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kipo kinamasi kiitwacho Deva-Deva. Mwaka 2009 Jemma Finch na wenzake walitangaza waliyoyaona katika tope lake, ambalo khabari zake zarudi nyuma miaka 48,000 hivi. Ndani ya muda huo imo zama ya barafu, iliyofikia ukali wake miaka 21,000 hivi iliyopita, Afrika Mashariki ikawa na baridi na ukame zaidi. Baadaye kidogo, kabla mvua hazijarejea, hata Ziwa Victoria lilikauka! Mtu angetazamia kuona msitu wa Uluguru umekufa, nyasi zimetawala. Sivyo. Miti ilizidi na kupungua, lakini jamii za miti ya msitu wa mvua hazikutoweka. Yadhaniwa kuwa mawingu ya Bahari ya Hindi hayakuacha kuinywesha milima hiyo. Hii ni sababu mojawapo inayotolewa kwa nini msitu huo una mimea, vyura na ndege wasiopatikana popote pengine duniani.

Tahadhari moja yafaa. Hesabu ya chavua si hesabu ya miti. Mti unaotegemea upepo humwaga nyingi mno, na unaotegemea nyuki huacha kidogo, hata ukiwa umejaa msituni. Mtaalamu mwaminifu hulipima hilo kabla ya kusema.

Katika tope hilo mlikuwa pia na vipande vya makaa, alama ya moto. Watafiti waona kwamba mkono wa mwanadamu, kwa kuchoma na kufyeka, ulishiriki kuufanya mchanganyiko wa misitu na nyasi ulioko juu leo, ila kwa kiasi, kwa sababu mlima ulikuwa mgumu kufikika.

Leo haufikiki kwa shida kama zamani. Penye pengo la Bunduki mashamba yamekwisha kuugawa msitu sehemu mbili, kaskazini na kusini. Serikali iliutangaza kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na mpaka wake tuliuona: upande huu kabichi, upande wa pili giza la miti. Kijito chembamba kilitoka gizani humo, kikapita kati ya matuta. Tulimwuliza mzee wetu kinakwenda wapi. Akasema huingia Mgeta, na Mgeta huingia Ruvu.