Mkwaruzo Haukuwa kwenye Kanda

Nimeifuta sauti ya mtu aliyekwisha kufa, na hakuna ajali yoyote ninayoweza kujifichia. Niliketi mbele ya kompyuta, akili zangu timamu, nikahifadhi kazi yangu juu ya faili la asili. Naandika haya kwa sababu mzee yule ana watoto na wajukuu waliokuwa na haki ya sauti ile, na kwa sababu mafundi wenzangu wa hapa Eldas, wa Giriftu na wa Wajir mjini huletewa laptopu zilizobeba vitu vya namna hiyohiyo.

Kazi yangu ni kutengeneza simu na laptopu. Eldas haimo katika gridi ya taifa. Umeme wetu huzalishwa hapahapa kwa jenereta za dizeli na paneli za jua, na wengi majumbani hutegemea paneli zao wenyewe na inveta za bei ya chini. Kiangazi, vumbi jepesi huingia kila palipo na tundu. Kwa hiyo fundi wa huku huzoea kulaumu umeme na vumbi kabla hajatazama kitu kingine, na mara nyingi huwa hajakosea.

Mama aliyeniletea laptopu ile ni mtu mzima, namwita eddo kama ninavyowaita dada za baba yangu. Alisema inatatarika, hamsikii baba yake vizuri. Ndani yake mlikuwa na mashairi ya marehemu baba yake, mfugaji wa ngamia aliyeghani gabay, mashairi ya Kisomali, mbele ya watu maisha yake yote bila kuandika hata mstari mmoja. Maandishi rasmi ya Kisomali yalianza nchini Somalia mwaka 1972, na sisi wa upande wa Kenya shuleni tulisoma Kiswahili na Kiingereza. Wazee wetu walihifadhi kwa kichwa, halafu kwa kaseti. Ule mfululizo wa mashairi wa Deelley, ambao mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, Gaarriye, aliuanzisha na wenzake wakaujibu kati ya 1979 na 1980, ulisafiri kwa kanda, mkono kwa mkono, hadi kwa watu ambao hawajapata kushika kitabu cha mashairi.

Kanda za mzee zilihamishiwa kwenye laptopu na mpwa wake eddo aliyeko Nairobi. Zenyewe ziliharibiwa na maji ya mvua za El Niño mwishoni mwa 2023. Nakala iliyobaki ni ile niliyokabidhiwa. Eddo aliniambia hivyo alipoiweka laptopu juu ya meza yangu. Nilimsikia, nikaitikia, na sikutoa nakala ya pili kabla ya kuanza kazi.

Spika iliyochanika utando hukwaruza zaidi unapopandisha sauti, hasa kwenye ngoma na sauti nzito, na mara nyingi iliyoingia vumbi hufanya vivyo hivyo. Ya eddo ilitatarika hata sauti ikiwa chini kabisa. Dalili hiyo niliipita. Nilifungua laptopu, nikakuta vumbi juu ya utando wa spika, nikaona mchawi nimempata. Nikaagiza spika nyingine kutoka Nairobi, eddo akalipa, nikazifunga. Laptopu ikatatarika kama kwanza.

Nikachomeka iafoni. Masikioni nako mlio ni uleule. Hapa ndipo hesabu yangu ilipoharibika, nami nimeirudia kichwani mara nyingi tangu siku hiyo. Iafoni ikitatarika sawasawa na spika, basi spika haina kosa. Hilo ni kweli. Lakini mimi niliruka moja kwa moja hadi kusema kwamba kama si spika basi ni rekodi. Kati ya rekodi na spika kuna laptopu nzima: prosesa, kadi ya sauti, draiva, mipangilio ya umeme. Jaribio langu halikupima hata kimoja kati ya hivyo. Ningecheza faili jingine lolote kwenye laptopu ileile, ningejua. Ningelisikiliza faili la mzee kwenye simu yangu kabla ya kuligusa, ningejua.

Tena ilikuwapo dalili kubwa kuliko hizo zote: mkwaruzo ulikuwa ukihama. Nilipocheza shairi mara ya kwanza ulipasua neno fulani. Nilipolirudisha nyuma, neno lile likapita salama na mpasuko ukaangukia jingine mbele yake. Doa lililo ndani ya rekodi halihami. Liko sekunde ileile kila unapocheza, hata ucheze mwaka mzima. Niliusikia ukihama, nikausikia vizuri, lakini nilikuwa nimekwisha kuamua.

Nikalihamishia faili kwenye kompyuta ya dukani ili nilisafishe. Sikulisikiliza humo kwanza. Nilifungua Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, nikatafuta mahali mzee alipokuwa amenyamaza na panasikika ule mvumo wa kaseti. Nikaipa programu mvumo huo uwe mfano wa kelele, nikaiagiza iondoe kila kinachofanana nao tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kuwa mkwaruzo nilioufukuza ulikuwa mkali, nilipandisha kipimo sana. Programu ilifanya nilichoiamuru. Nikasikiliza: hakuna mpasuko hata mmoja. Nikafurahi kwamba dawa imekubali, wala sikujiuliza kama kwenye kompyuta ile mpasuko uliwahi kuwapo. Nikahifadhi kwa jina lilelile, nikafanya hivyo kwa kila shairi, nikayarudisha kwenye laptopu juu ya yale ya zamani, na mengine nikayaweka kwenye kadi ya simu ya eddo.

Alisikiliza pale dukani, kwenye simu yake, mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyu ni baba. Lakini meno yake yameenda wapi?"

Nilimjibu kwamba kanda zilikuwa mbovu toka huko zilikotoka, na kwamba ashukuru hata hicho kimepatikana. Katika yote niliyoyatenda, jibu hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtu aliyeijua sauti ile tangu utoto wake aliniambia kuna kitu kimeondolewa, nami niliyeisikia kwa mara ya kwanza kwenye meza ya kazi nikamsahihisha.

Aliyenifumbua macho ni mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari. Alirudi na laptopu akisema bado inatatarika. Nilianza kumweleza habari za kanda mbovu, naye akanikatiza kwa adabu: anachosikiliza yeye ni kisomo cha Qurani. Akaweka simu yake kando ya laptopu, akacheza kisomo kilekile kwenye simu, kisha kwenye laptopu. Kwenye simu kikatoka safi. Kwenye laptopu kikapasukapasuka. Kijana alifanya mbele yangu, bila kufundishwa na mtu, jaribio ambalo mimi fundi sikulifanya.

Nilizima waifai, mpasuko ukakoma. Nikaiwasha, ukarudi. Sauti ya kidijitali hukatwa vipande, mara nyingi 44,100 kwa sekunde, na prosesa huvifikisha kwenye kadi ya sauti kwa mafungu, kila fungu likitosha kwa milisekunde chache tu. Draiva ya waifai, ile programu ndogo inayoiongoza kadi ya mtandao, ilikuwa ya zamani. Kila ilipotafuta mtandao iliishika prosesa kuliko ipasavyo, fungu la sauti likachelewa, na pengo hilo dogo ndilo tulilolisikia kama mpasuko. Na kwetu laptopu hutafuta mtandao saa zote, kwa sababu hotispoti ya simu leo iko hapa, kesho imeondoka na mwenyewe. Niliweka draiva mpya, laptopu ikatulia. Hata bisibisi haikuhitajika.

Kijana aliondoka ameridhika. Mimi nilibaki nimekaa, maana nilikwisha kuelewa nilichokifanya. Kanda zilikuwa na mvumo wa kawaida wa kaseti na hazikuwa na ubovu mwingine. Nilichokiondoa ndani yake ni mzee.

Msomaji wa Kiswahili amezoea vina vya kati na vina vya mwisho, sauti zinazokutana pale kipande kinapokatika. Gabay hubana mwanzo wa neno. Mshairi huchagua sauti moja, na katika kila nusu ya mstari lazima pawe na neno linaloanza na sauti hiyo, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, hata mistari ikifika mia. Akikosa, wasikilizaji humshika papo hapo. Shairi refu kuliko yote ya mzee huyu alilibana kwa S. Sauti ya S nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000, kulekule unakosikika mvumo wa kaseti, na yenyewe ni pumzi inayovuma bila mlio wa koo. Kwa kichujio nilichokipandisha namna ile, S na kelele ya kanda ni kitu kimoja. Kilifuta vyote viwili. Kwa hiyo niliondoa hasa zile herufi ambazo shairi lilijengwa juu yake, mstari kwa mstari, na eddo alitambua kuwa hazipo aliposikiliza mara moja tu.

Nilijaribu kuyarudisha mafaili kwa programu za kuokoa vilivyofutwa. Haikuwezekana. Niliandika juu yake, na diski ya laptopu ile ni SSD, ambayo husafisha yenyewe nafasi iliyoachwa wazi.

Sikwenda kumwambia eddo siku hiyo. Niliendelea kusalimiana naye njiani huku najua, na yeye hajui. Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta na kaka yake na wazee wa ukoo, nikasema yote mbele yao: spika ambazo hazikuwa na kosa, rekodi ambayo haikuwa na kosa, na jibu nililompa kuhusu meno ya baba yake. Eddo aliniuliza swali moja.

"Nilikuambia kwamba hakuna nyingine. Sikukuambia?"

"Uliniambia, eddo."

Hakusema zaidi. Kaka yake ndiye aliyeuliza tutafanyaje. Pesa za spika nilizirudisha, na tukakubaliana kwamba nitawatafuta watu waliohifadhi mashairi yale na kuwarekodi. Kazi hiyo inaendelea. Waliokuwa wakichunga na mzee wanakumbuka mengi, na ubishi wao kuhusu mstari upi unatangulia umenifundisha zaidi kuliko nilivyotegemea. Shairi moja limepatikana kwa sauti ya mzee mwenyewe: mpwa wa Nairobi aliwahi kumtumia jamaa aliyeko Minneapolis kwa WhatsApp, naye hakulifuta. Limebanwa na ubora wake umepungua, lakini S zake zinasikika. Lile shairi refu halimo.

Siku hizi sigusi sauti ya mtu kabla ya kutoa nakala mbili na kumwachia mwenyewe moja mkononi. Nikiletewa laptopu inayokwaruza, kwanza nacheza faili jingine humo, kisha nalipeleka faili lenyewe kwenye simu, kisha nasikiliza kama mkwaruzo unahama. Nazima waifai, nachomoa chaja, naweka iafoni. Spika huwa ya mwisho kufunguliwa. Mteja akiniambia kuna kitu kimepungua, naacha kazi na kumwomba anionyeshe ni wapi.

Eddo anasema kanda za baba yake zilinakiliwa zamani na watu wa Wajir, Habaswein, Garissa na Eastleigh. Kama nyumbani kwako kuna kaseti isiyo na jina, yenye mzee anayeghani gabay kwa herufi S, usiitupe na usiisafishe. Usiicheze kwenye redio inayotafuna kanda. Iletwe Eldas kama ilivyo, na mvumo wake wote.