Kuku Mgeni Alale Peke Yake

Kina mama wenzangu, somo nililolipata kwa hasara nataka ninyi mlipate bure.

Nakaa Matombo, katika milima ya Uluguru. Mwaka 2019 nilikuwa na kuku 11, nao ndio waliokuwa madaftari na sare za watoto wangu. Nikaona niwaongeze. Nilinunua mitetea 5 Morogoro mjini, nikawatia katika tenga, nikapanda nao gari mpaka nyumbani. Jioni ile ile niliwaingiza bandani pamoja na wenyeji wao, nikafurahi kuona banda limejaa.

Siku ya tano mtetea mmoja alijikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi chake kijani. Kesho yake mwingine akapinda shingo. Baada ya majuma mawili walibaki 2 tu kati ya 16. Ulikuwa ugonjwa wa mdondo. Binti yangu akaanza muhula na gauni kuukuu la dada yake.

Mjomba wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mpwa wangu, mgeni usiyemjua humlaza kitanda kimoja na watoto?" Nikanyamaza.

Basi, kabla ya kununua tena nilizika mizoga, nikachoma takataka zote za banda, nikaliacha tupu kwa miezi kadhaa. Wale 2 bwana mifugo aliwachanja kwa chanjo ya I-2, tone moja katika jicho, nasi hurudia kila miezi mitatu. Chanjo hii hukinga tu, haimponyi kuku aliyekwisha kuugua.

Mara ya pili nilinunua mitetea 4. Niliwaweka katika jiko la zamani, mbali na banda, kwa siku 14. Nilipowafikisha niliwapa maji kwanza, ndipo pumba, maana safari huwakausha. Nikawatazama chini ya mabawa kama wana utitiri, nikawawekea majivu makavu wajigaragaze. Walipopumzika na kuonekana wazima, nao wakachanjwa. Kila siku niliwahudumia wenyeji kwanza na wageni mwisho, kisha nikanawa mikono na miguu.

Siku zile zilipotimia, niliwapandisha kwenye kichanja cha wenzao usiku, gizani. Asubuhi waliamka pamoja. Walidonoana kidogo, lakini niliweka vyombo viwili vya chakula, hata mnyonge akashiba. Nikawafungia siku chache wapajue kwao. Kisha nikaanza kuwafungulia jioni, saa moja kabla ya jua kuchwa, wakiwa na njaa. Nilipotikisa kopo la mahindi wote walirudi.

Wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa watu ni kweli. Lakini kuku mgeni mpe siku 14, ndipo umkaribishe bandani. Mwaka uliofuata binti yangu alivaa sare yake mwenyewe.