Thumuni ya Mama

Baba alifariki Ujiji bila kuacha wosia. Aliacha nyumba, michikichi michache na mtumbwi wa kuvulia dagaa. Kikao cha ukoo kilinipendekeza kuwa msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo ikaniteua, nami nikawa na miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni.

Hapo kalamu iligoma. Sisi ni Waislamu. Mjane wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumuni, sehemu 1 kati ya 8. Ni afadhali kuliko Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, linalomnyima mjane kama huyo urithi. Lakini thumuni ya nini? Nyumba ile iliezekwa kwa fedha za dagaa aliowaanika mama mwaloni. Jasho lake halirithiwi. Hutengwa kwanza, kisha hugawanywa cha marehemu.

Baba mdogo aliuliza, “Risiti iko wapi?” Haikuwapo. Walikuja wanawake wenzake wa mwaloni, wakaeleza waliyoyaona.

Ndugu msomaji, wazazi wako wangali hai? Waulize leo kipi ni cha nani, nawe uandike. Mashahidi nao hufa.