Shamba lililo chini ya bahari

Je, msomaji wangu, mtoto aliyekulia kwenye mahindi na ng'ombe anaweza kupata riziki yake chini ya bahari? Sisi wa Cheptiret tunaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapa hadi Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 700. Wengi wetu tunaijua chumvi ya dukani tu. Hata hivyo, swali hili limeukosesha ukoo wetu usingizi.

Binti wa ndugu yangu amefanya vyema katika mtihani, na anataka kusomea viumbe vya majini ili awe mtaalamu wa kuirudishia sakafu ya bahari uhai wake. Baba yake ana mtamba mmoja wa kuuza kwa ajili ya karo. Anasema mtamba huyo akiuzwa, fedha zake zilete muuguzi au mwalimu, kazi anazozifahamu. "Baharini kuna shamba gani?" aliniuliza. Mimi shangazi mtu nikatakiwa nimshauri binti aachane na wazo hilo. Nikaona heri kwanza nichunguze.

Naam, shamba lipo. Katika maji ya kina kifupi pwani yetu kuna malisho ya nyasi za bahari. Hii ni mimea kamili yenye mizizi, maua na mbegu, na Kenya ina aina 12. Tafi hula humo, samaki wachanga hujificha humo, kasa na nguva hujilisha humo. Mizizi yake huushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Lakini nyasi hizi huharibiwa na nyavu za kukokota, nanga za vyombo, na nungu wa bahari, ambao huzidi pale samaki wanaowala, kama kikande, wanapovuliwa kupita kiasi. Mfugaji wa hapa ataelewa mara moja: ni malisho yaliyoliwa hadi ukabaki udongo mtupu.

Hapo ndipo mtaalamu anapoitwa. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), iliyoanzishwa mwaka 1979 na yenye makao yake Mombasa, imeshirikiana na wenyeji wa Gazi na Wasini, Kaunti ya Kwale, kupandikiza nyasi hizo. Vipande hung'olewa pamoja na mizizi mahali palipostawi, hupandwa penye upara, kisha watu hurudi tena na tena kuhesabu vilivyoshika. Bahari ikichafuka, kazi ya miezi huweza kusombwa kwa siku moja. Huko Virginia, Marekani, zaidi ya mbegu milioni 70 zilipandwa kwa muda wa miaka 20 hivi, na sasa nyasi zimefunika karibu hekta 3,600. Hiyo, msomaji, ni subira ya mkulima.

Na faida je? Pale pale Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013. Wanakijiji hutunza mikoko, ambayo hufyonza hewa ya kaboni, na fedha zinazopatikana kwa kuuza hati za kaboni hiyo husaidia shule na maji. Nyasi za bahari nazo huhifadhi kaboni matopeni.

Lakini nisikufiche. Kazi hizi si nyingi, na baadhi yake ni za mkataba wa mradi. Ufadhili ukikoma, mshahara nao hukoma. Lazima pia mtu ajue kuogelea, na binti yetu amezoea kijito kinachomfika magotini. Ndugu yangu aliposikia hayo aliuliza, "Mradi ukifungwa, nani atanirudishia mtamba wangu?" Nilimjibu kwamba masomo ya uvuvi na sayansi za majini yanafundishwa papa hapa Chuo Kikuu cha Eldoret, na kwamba elimu hiyo hufaa pia kwenye mabwawa ya samaki na maziwa yetu. Akanyamaza. Mtamba bado yumo zizini, na siku ya mwisho ya kubadilisha kozi inakaribia.

Mzazi mwenzangu, huenda nawe una mtoto aliyetaja kazi usiyoijua. Kabla ya kukataa, muulize mambo matatu: nani huajiri watu wa kazi hiyo, wanaoifanya wameipitiaje, na kazi hiyo ikikosekana, elimu yake itamfaa wapi kwingine? Akiwa na majibu, msikilize. Akiwa hana, mpe wiki mbili ayatafute, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ila na sisi wazazi, tuinamie ufahamu wetu kidogo kabla ya kusema hapana.