Tumbaku Katika Magofu ya Pate

Mimi ni mtu wa bara, mtoto wa mkulima, na kazi yangu ni ukarani. Katika shule ya misheni tulisomeshwa habari za Ulaya na vita vyake, hata nikazihifadhi zote. Lakini habari za kisiwa cha Pate, kilicho katika nchi yetu wenyewe, nalizijua kwa uchache sana. Basi nilipopata likizo yangu naliazimu kwenda kukiona kwa macho yangu.

Kutoka Lamu tulipanda mashua, nasi tulingoja kwanza maji yajae, maana mlango wa Mkanda, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, ulikuwa haupitiki maji yakipwa. Huku na huku ni mikoko mitupu, mizizi yake imesimama matopeni, na ndege weupe wametua juu ya matawi. Tulishuka Mtangawanda, tukaenda kwa miguu hata mji wa Pate. Njiani sikusikia ila sauti ya punda, na upepo katika minazi.

Kando ya nyumba za watu wa leo umelala mji wa kale. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimebaki nusu nusu, na katika baadhi yake zingaliko zidaka zilizofanywa kwa ustadi mkubwa. Hapa ndipo walipotawala Wanabahani, na biashara yao ilivuka bahari. Kisiwa hiki ni cha kale sana: mahali paitwapo Shanga wachimbuzi walifukua dalili za msikiti wa karne ya 8. Kimeona na misiba pia. Mwaka 1587 Wareno waliuangamiza mji wa Faza, nao ukainuka tena. Kwa mji wa Pate pigo kubwa lilikuwa vita vya Shela, yapata mwaka 1812, watu wake walipokwenda pamoja na Wamazrui wa Mombasa kuwapiga watu wa Lamu. Yasimuliwa kwamba waliposhindwa walikimbilia vyombo vyao, kumbe maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Tangu hapo nguvu za Pate zilipungua.

Sasa, ndani ya kumbi hizo za kale, naliona tumbaku imepandwa safu safu. Moyo wangu uliudhika. Nalimkuta mzee mmoja akipalilia, nikamwamkia, kisha kwa kiburi cha karani nikamwuliza kwa nini analima katika nyumba za watu wa kale.

“Mwanangu,” akasema kwa upole, “watu hao ni wazee wangu mimi. Walijenga ili watoto wao wale, na watoto wao ndio sisi. Lakini tazama pale.”

Akanionyesha makaburi. Jembe lake halikufika hapo, na magugu yalikuwa yameng’olewa kwa mkono. Kisha akaketi juu ya jiwe, akanisomea beti nyingi za Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa kisiwa hiki, aliyemtungia binti yake wosia mwaka 1858. Mzee hakuwa na kitabu. Alifunzwa na bibi yake. Alipokwisha akaniuliza, “Na wewe, mwanangu, wazee wako walikuachia maneno gani?”

Nalinyamaza. Mimi ambaye kila siku naandika na kuhifadhi mafaili ya serikali, sikuwa na hata neno moja la kumjibu.

Baba yangu ni mzee sana. Kila likizo nimempelekea sukari na fedha kidogo, lakini sijampelekea swali hata moja juu ya babu yake, wala juu ya shamba tulilozaliwa, lilivyopatikana. Likizo ijayo, Mungu akinijalia, nitakwenda na daftari. Nawe, ndugu msomaji, kama wazee wako wangali hai, usingoje hata maji yakapwa.