Theluji ya Robo Saa Mtaani Kaloleni

Ikiwa unakaa Eastlands na una hamu ya kuiona theluji bila kulipa nauli, amka alfajiri siku ambayo mbingu ni safi. Panda ghorofa ya juu kabisa huko Umoja, utazame upande wa kaskazini. Ukibahatika utauona Mlima Kenya, mita 5,199, umejifunga kitambaa cheupe kichwani. Usichelewe, maana jua likipanda mawingu huufunika. Hiyo ni theluji ya kutazama tu. Ya kushika, au tuseme binamu yake, hutujia kwa njia nyingine, na haipigi hodi.

Hebu twende Kaloleni, kando ya Barabara ya Jogoo. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940: nyumba za chini zenye mapaa ya vigae, zimezunguka viwanja vya nyasi na miti mikubwa. Siku hizi vibanda vya mabati vimejazwa kati ya nyumba hizo, lakini watoto bado wana mahali pa kukimbilia. Alasiri moja ya Aprili nilikuwa nimekwenda kumwamkia mama. Mpwa wangu wa miaka minne alikuwa sakafuni akichezea vizibo vya soda. Joto lilikuwa la kuudhi.

Mnamo saa tisa wingu jeusi lilitanda kutoka upande wa viwandani. Yakaja matone mazito, kisha ko! ko! ko! kwenye mabati ya jirani, na mara ikawa ngurumo moja isiyokatika. Nilikuwa nikimwona mama akifungua kinywa bila kumsikia. Alikuwa akiniambia niingize nguo.

Ilipokoma, kiwanja kizima kilikuwa cheupe.

"Mjomba, nani amemwaga chumvi?" mtoto akauliza.

Kabla sijajibu alikwisha kutoka, patipati moja mguuni na nyingine mlangoni. Alikanyaga, akaruka kwa baridi, akakanyaga tena. Aliokota jiwe moja, akalitia mdomoni, akatoa macho. Milango yote ikafunguka. Watoto walimiminika na vikombe, sufuria, hata karai la kufulia. Wavulana wakubwa wakaanza vita vya kurushiana. Mama alisimama kizingitini akiwagombeza: "Msile hayo, mtakohoa!" Nilipogeuka baadaye nilimkuta naye anatafuna.

Najua mwanafunzi mmoja atanisahihisha: ile si theluji, ni mvua ya mawe. Ni kweli. Theluji hushuka polepole kama pamba. Mawe haya hutengenezwa ndani ya wingu la radi, pale hewa ya moto kutoka ardhini inapoyarusha matone juu mpaka yakaganda, na kuyashikilia huko yakinenepa tabaka juu ya tabaka, hadi yanapokuwa mazito mno. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo safari ya kushuka ni fupi na hayapati nafasi ya kuyeyuka yote. Kule Mombasa mengi hufika yakiwa maji.

Na hata watu wazima hudanganyika. Mnamo Septemba 2008, kijijini Busara karibu na Nyahururu, mawe yalianguka mengi mno yakashikana, mlima ukavaa barafu. Wakazi walitoka kuigusa na kuionja, wengi wakiamini ni theluji, mpaka wataalamu wa hali ya hewa walipowaeleza. Mkulima wa chai wa Kericho hangedanganyika. Yeye akisikia ko! ko! huwaza majani yake.

Dada yangu pia. Huuza mboga kando ya barabara, mwavuli mmoja na meza ya mbao. Alirudi saa kumi na moja, amelowa hadi mifupani, gunia kichwani. Alilitua, akatoa sukuma wiki moja baada ya nyingine: zimetobolewa kama chujio. Nyanya zilikuwa zimepasuka. Pesa za bidhaa hiyo alikuwa amezikopa asubuhi ileile. Hakuna aliyesema neno.

Mtoto wake akatoka chini ya meza na kikombe cha plastiki alichokificha huko, akimwekea mama. Mawe yalikuwa yamebaki matatu, madogo kama maharagwe, yakielea majini.

"Mama, nimekuwekea. Kula upesi, yanaisha."

Dada alikitazama kikombe, akatazama gunia. Nilidhani angekimwaga. Akavuta kigoda, akakaa, akachukua jiwe moja akampa mtoto, moja akampa mama yetu, na la tatu akalitia kinywani mwake.

"Ni baridi kweli," akasema.

Kisha akaomba kisu, akaanza kukatakata sukuma wiki zilizotoboka. Jioni ile tulikula mboga tele, na majirani wa pande zote mbili wakapelekewa.