Meli Haina Kona

Tuliwaahidi mada ya mapindo ya shela, nayo itakuja inshallah. Leo tuvumilieni, tuna habari ya meli.

Wanaotujua wanajua chumba chetu cha kushonea kina sakafu pana, kwa sababu magauni ya harusi yana mikia mirefu na tunayakatia chini. Sakafu hiyo ndiyo aliyoitaka mtoto wa dada yetu mkubwa siku ya tatu ya Idi, tulipokuwa tumefunga duka. Alikuja na vimeli vya karatasi ngumu, kila kimoja kama kidole, pamoja na dadu na daftari la kanuni. Akasema, "Mama wadogo, naombeni futi na chaki."

Tulidhani ni mambo ya kitoto. Kumbe kuna watu wazima wamezeeka nayo. Mwingereza mmoja, Fred T. Jane, alichapisha kanuni zake za vita vya meli vya mezani mwaka 1898, na maofisa wa majini wakazichukua kwa uzito.

Kijana alitupangia hivi. Inchi 10 za sakafu ni maili moja ya baharini, na kila zamu ni dakika 2. Basi meli inayokwenda maili 15 kwa saa inapata inchi 5 kwa zamu, na msafara wa mizigo unaojikokota kwa maili 6 unapata inchi 2 tu. Kila nahodha anaandika amri yake bila kumwonyesha mwenziwe, halafu karatasi zinafunguliwa pamoja na meli zinasogezwa kwa mpigo mmoja. Hapo hakuna kubadili. Ulichoandika ndicho utakachokwenda.

Sisi futi tunaijua, tukajiona tumeshashinda. Zamu ya pili tukataka kugeuka. Ukifika kwenye kona ya kola unafanyaje? Unaacha sindano chini, unainua mguu wa cherehani, unazungusha kitambaa, unaendelea. Tukazungusha meli yetu vivyo hivyo, palepale ilipo.

"Mama mdogo, meli haina kona," akasema.

Akatueleza. Ukikata usukani, uzito wa meli unaendelea kuipeleka kule kule ilikokuwa ikienda. Kisha omo linaanza kuvuta polepole, tezi inatupwa upande wa pili, na mwendo unapungua kwa sababu ubavu sasa unasukuma maji. Ndiyo maana kwenye daftari lake manowari kubwa lazima iende inchi 2 moja kwa moja kwanza, ndipo ifuate tao pana alilolikata kwa kadibodi. Meli ndogo inapewa nusu inchi na tao la kubana. Na ukigeuka sana, unakatwa inchi za mwendo. Kwa hiyo anayesubiri aone hatari ndipo aandike amri ya kugeuka, hatari hiyo ataigonga. Tuligonga mara mbili. Mara ya pili tulijigonga wenyewe, meli yetu kwa meli yetu.

Kipimo chake cha inchi 10 hakukitunga yeye, na hapa ndipo tulipoweka vikombe vya chai chini tukasikiliza. Mwaka 1942, nyambizi za Wajerumani zilipokuwa zikizamisha meli za chakula za Uingereza, nahodha Gilbert Roberts, aliyekuwa amestaafishwa kwa ugonjwa wa kifua kikuu, alipewa chumba mjini Liverpool achunguze kwa nini. Wasaidizi wake walikuwa wasichana wa jeshi la majini, wengi wadogo kuliko bibi harusi wetu. Wakachora sakafu kwa chaki, wakasogeza vimeli. Maofisa walisimama nyuma ya pazia la turubai lenye matundu, waone kile tu ambacho wangekiona baharini. Njia ya nyambizi ilichorwa kwa chaki ya kijani, ambayo kwenye sakafu ya kahawia haikuonekana kutoka matunduni.

Kwa kuchora na kupima waligundua kwamba nyambizi ilikuwa ikipenya msafara kwa nyuma, usiku, ikielea juu ya maji. Wakatunga mbinu ya meli za ulinzi kugeuka wote kwa mpango mmoja na kuisaka. Maofisa wapatao 5,000 walipita mle. Max Horton, admirali aliyewahi kuwa nahodha wa nyambizi mwenyewe, alicheza upande wa nyambizi na akashindwa tena na tena na msichana aitwaye Janet Okell. Mashallah, hapo tulipiga makofi.

Dada mkubwa hakupiga. Alikaa mlangoni muda wote, mgongo kwetu. Tangu Septemba 2011, meli ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, hataki kusikia bahari nyumbani kwake. Na kijana ana fomu ya chuo cha ubaharia mwezi wa pili sasa, inayosubiri sahihi ya mama yake. Sote tulijua mchezo ule ulikuwa unachezwa kwa ajili ya nani.

Lakini dada ndiye mkataji wetu wa sketi za duara, na mtu wa duara hawezi kuvumilia tao bovu. Tulipokuwa tunaandika amri ya zamu ya sita alisema bila kugeuka vizuri, "Mmechelewa. Hiyo ilitakiwa igeuke zamu mbili nyuma."

Tukampa kalamu. Akavua viatu, akapiga magoti, akapima kwa shubiri badala ya futi. Msafara wetu akaugeuza mapema mno, tukaona anapoteza. Zamu tatu baadaye manowari ya mwanawe ilikuwa bado inazunguka kwenye tao lake pana, na sisi tumeshapita.

Kijana hakusema kitu, alikuwa anakusanya dadu.

"Na nahodha akilala," dada akamuuliza, "nani anakuwa macho?"

"Kuna zamu, mama. Saa nne nne. Usukani hauachwi peke yake."

Akanyamaza. Kisha akatuambia tusugue sakafu, maana kesho kuna hariri nyeupe ya watu. Tulisugua mara tatu. Chaki ya kijani, dada zetu, haitoki kirahisi.